Andika Ulichokiona

Nimefundisha Kemia miaka kumi na minne katika shule ya kutwa huku Ndabibi, na hakuna kitu kilichonikera kama upishi. Sisemi upishi wa jikoni. Nasema mtoto wa Kidato cha Nne anapewa unga mweupe na maji ya kuuyeyusha, halafu anajaza karatasi nzima kabla hata test tube yake haijalowa, kwa sababu amekariri majibu ya mitihani ya miaka kumi iliyopita. Nilikuwa nawafokea mpaka koo linauma. Andika ulichokiona, niliwaambia, hata kama jirani yako ameona kingine, hata kama kitabu kinasema kingine.

Kati ya watahiniwa thelathini na wanane wa mwaka jana, aliyeniamini ni Chepngeno peke yake.

Hakuwa mwerevu wa kutisha, tusidanganyane. Hesabu za Kemia zilimtoa jasho. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na subira ya kungoja tone lidondoke. Alitaka kuwa nesi, na chuo alichokilenga hakimchukui mtu aliye chini ya C ya Kemia. Tulikaa naye tukaona kwamba karatasi mbili za nadharia zingemfikisha karibu, na ile ya majaribio ndiyo ingemvusha. Huko ndiko alikoweka tumaini lake lote.

Sasa nije kwenye ubaya wangu.

Asubuhi ya mtihani wa majaribio nilikuwa na lita kumi tu za maji yaliyotoneshwa, yale safi yasiyo na madini tunayonunua kwa watu wa betri za magari. Kwa kawaida huwa najazia na maji ya mvua, lakini mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Yote niliyokuwa nayo yakaishia kwenye titration, lile jaribio la kupima asidi tone kwa tone, maana ndilo lenye alama nyingi. Chupa za kuyeyushia ule unga nikazijaza maji ya kisima cha shule. Yaling'aa vizuri tu. Nilijua kisima chetu kina magadi, na meno ya watoto wetu yamekuwa rangi ya chai kwa sababu ya maji hayo hayo. Nilijua, lakini msimamizi alikuwa ameshafika na askari wake, muda umekwisha, nikajiambia hayatadhuru.

Unga wenyewe ulikuwa chumvi ya madini ya risasi. Chumvi hiyo na maji ya magadi havipatani. Badala ya kuyeyuka ukabaki na maji maangavu, unapata weupe.

Mwalimu wa somo haruhusiwi kusema na watahiniwa. Nilisimama mlangoni mwa stoo nikamwona Chepngeno akiinua test tube kwenye mwanga wa dirisha. Akaitikisa, akaimwaga, akaosha, akaanza upya. Kisha akaniangalia. Kando yake mwanafunzi mwenzake, Zeddy, alikuwa ameshamaliza kuandika, na test tube zake zilikuwa kavu. Nikaangalia sakafu. Nilipoinua macho, Chepngeno alikuwa ameinama anaandika.

Aliningoja nje baadaye. "Sir, yangu imekuwa white, kama maziwa imeongezwa maji. Wengine wote wanasema yao ilikuwa clear. Mimi nimeandika white."

Nikamwambia sawa, aende akasome karatasi ya kesho.

Msahihishaji hutarajia maji maangavu, lakini mwalimu wa somo hujaza ripoti kuhusu mtihani ulivyokwenda, na hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Nilimweleza mwalimu mkuu, Madam Waithera, yaliyotokea. Alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Kinyanjui, ukiandika hapo maji haikuwa distilled, matokeo ya shule mzima itashikwa. Watoto thelathini na saba wateseke juu ya mmoja?"

Na niseme ukweli, sikuwa nawaza hao thelathini na saba, nilikuwa nawaza kazi yangu. Nikaandika kwamba kila kitu kilikwenda sawa, nikatia sahihi.

Matokeo yakatoka Januari. Zeddy alipata C plus ya Kemia. Chepngeno alipata C minus. Hatuonyeshwi alama za kila karatasi, lakini sikuhitaji kuonyeshwa.

Alikuja shuleni wiki iliyofuata, peke yake, na daftari lake la majaribio kwapani. Hakulia. Afadhali angelia, ningepata la kufanya. Nilimuuliza kama angerudia kidato, akasema nyumbani wameshaamua hapana, kuna nafasi kwenye shamba la maua na ataanza Jumatatu. Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu.

"Sir, niambie nilikosea wapi."

Nilifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, ungetoka kwa pumzi moja. Nikamwambia pengine test tube yake ilikuwa na uchafu, hakuiosha vizuri.

Alifungua daftari lake, akalifunga tena. Aliniamini, kama alivyoniamini siku zote, nami nilimwona akiamini.

"Niliosha, sir, lakini labda sikusuuza," akasema. Akanipa mkono wa kuniaga. "Pole sana. Wewe ulitufunza vizuri. Ni mimi nimekuangusha."