Kondoo Waliorudi Kwao

Mzee Jopson anadai aliwaona kwa macho yake. Anasema alfajiri ile ya ukungu alikuwa mlimani akimtafuta kondoo dume wake, mara akawaona kondoo majike thelathini wa akina Birkett wakipanda mmoja nyuma ya mwenzake, wenyewe, kama watu waendao kanisani.

"Hakukuwa na mchungaji wala mbwa," husema, na kila akisimulia huongeza chumvi. "Yule wa mbele alinitazama kama ananiaga! Nikavua kofia."

Watu walicheka, na wakaamini. Nani asiyejua kwamba kondoo wa milima ya Cumberland hakisahau kilima alikozaliwa? Ukimnunua usipomlinda miezi ya kwanza, atavuka mlima arudi kwao.

Tamar Birkett hakucheka. Kondoo hao baba yake aliwapata kwa Bwana Tallentire, ng'ambo ya mlima, kwa kumpa farasi na ng'ombe wao wawili wa maziwa. Theluji ya mwaka uliopita ilikuwa imeua kondoo thelathini, na shamba walilikodi pamoja na kondoo wake, ambao idadi yao haikupaswa kupungua. Sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi Novemba, mwenye shamba angekuja kuwahesabu, na wakipungua, akina Birkett wahame. Siku ya makubaliano hapakuandikwa kitu. Wanaume wawili walitemea viganja wakashikana mikono, shahidi akiwa Mzee Jopson peke yake.

"Usiwapake alama yako leo, ndugu yangu," Tallentire alimwambia baba yake kwa upole. "Manyoya yamelowa, rangi haitashika. Ngoja yakauke."

Mvua haikukatika wiki tatu. Kondoo wakabaki na rangi ya buluu ya Tallentire, na masikio yaliyokatwa kwa alama ya Tallentire; wakifika kwake, hakuna alama ya kuonyesha si wake tena.

Huko, mtu akitapeliwa hawasemi ameibiwa. Wanasema amenyolewa. Aliyeibiwa hupelekewa mkate. Aliyenyolewa huchekwa, maana, wanasema, kondoo hanyolewi mpaka akubali kulazwa chini. Na neno hilo halisemwi mbele ya mwenyewe. Jumapili, Tamar alipoingia kanisani, mazungumzo yalikatika ghafla, naye akajua ni neno gani lililomezwa.

Wiki zote tatu alikuwa amewalinda, akiwarudisha kila walipoelekea juu. Siku moja tu hakwenda, ile waliyotoweka, baba yake alipozidiwa na homa. Mzee Jopson ndiye aliyemwambia, "Kaa na mzazi wako, binti. Nitawaangalia mimi."

Jumatatu Tamar alipanda mpaka kwenye mgongo wa mlima, akachutama. Kondoo wanaorudi kwao hufuata njia nyembamba, wakisimama kula. Hapa udongo ulikuwa umevurugwa upana wa barabara, kwato juu ya kwato. Na pembeni, upande huu kisha upande ule, kulikuwa na nyayo za mbwa: tatu zimezama, ya nne imegusa tu.

Kisha akateremka moja kwa moja hadi kwa Jopson.

"Karibu, binti! Umekuja kusikia tena? Leo yule wa mbele nitamvisha miwani."

"Nimeshasikia, Mzee."

"Baba anaendeleaje?"

"Anakohoa. Jumamosi wachungaji wote wanakutana kuamua kondoo waliopotea ni wa nani, na Tallentire atakuwepo. Wewe ulikuwepo waliposhikana mikono."

"Aa, mikono." Mzee alijikuna shingo. "Watu wanashikana mikono kila siku, mwanangu. Mimi na kasisi tunashikana kila Jumapili, na hajaniuzia kitu, ila usingizi."

Alicheka peke yake. Chini ya meza, Meg, mbwa wake, alikuwa akilamba mguu wa mbele ambao hakuweza kuukanyagia. Tamar aliutazama mguu ule. Alipoinua macho, alikuta Mzee naye anamtazama, na kicheko kimeisha usoni.

Nyuma ya nyumba, zizini, ng'ombe alilia. Akalia tena, kwa nguvu zaidi, kama alivyozoea kulia kila aliposikia sauti ya Tamar, aliyemkamua miaka sita.

Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Njoo Jumamosi useme ulichokiona, Mzee Jopson," Tamar alisema polepole. "Si cha mlimani. Cha siku ile ya mikono."

Mzee aliinua kikombe chake cha maziwa, akakitazama, akakirudisha mezani. Meg aliendelea kulamba mguu.