Waliotembea Wakijua

Mwezi wa nne mwaka huu Juliana aling'oa vigingi vya mpaka kwa mikono yake mwenyewe, akavirudisha pale vilipokuwa kabla hatujagombana. Miaka kumi na moja tulikuwa tumevutana juu ya kipande kile cha shamba, upana wake hatua nne tu, urefu mpaka kwenye mfereji. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaenda kwa katekista, tukaenda baraza la kata mara nne. Juliana aliwahi kuniita mchawi mbele ya duka la pembejeo, nami nikamjibu kwamba ningekuwa mchawi yeye asingebaki na meno ya kunitukania. Leo mtu huyohuyo anarudisha vigingi bila kuitwa na yeyote! Nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai, nikamtazama akipigilia cha mwisho, kisha nikaimba wimbo wa shukrani kwa sauti ili asikie vizuri.

Nilidhani nimeshinda. Mjinga mimi.

Naitwa Oktavia, mkulima wa viazi upande wa Uwemba. Mwezi wa pili nilipasuliwa titi la kushoto hospitali, wakatoa uvimbe usiozidi punje ya harage. Wakasema kipande kinapelekwa kupimwa na majibu yatakuja kwa simu. Mimi sina simu. Niliyokuwa nayo ilitumbukia kwenye pipa la maji mwaka juzi, na sikuona haja ya kununua nyingine wakati mume wangu Yosefu anayo. Kwenye fomu tukaandika namba yake. Wiki tatu baadaye Yosefu alinifuata mpaka kwenye matuta, amevaa koti lake la kanisani na siku yenyewe Jumatano, akaniambia, "Mama Lightness, wamepiga. Wamesema uko safi."

Nilipiga magoti palepale kwenye udongo. Yeye hakupiga. Nilidhani anaogopa kuchafua koti.

Tangu siku hiyo dunia nzima ikanipenda. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani waliniletea mayai, mtu na trei yake, kana kwamba mimi ni mzazi wa jana. Walikuja kunipalilia viazi bila kuombwa. Nikichelewa kidogo kufika kwenye sala nawakuta wameshaanza, wengine wanafuta macho, na nikiuliza kulikoni wanasema moshi. Yosefu naye alichimba mashimo arobaini ya miche ya parachichi niliyokuwa nikiitaka miaka yote. Parachichi hukaa miaka mitatu, minne, ndipo lizae. Nilimshikia mche, nikamwambia, "Mavuno ya kwanza tutaezekea jiko." Akafukia mizizi, akakanyaga udongo, akasema, "Tutaona." Nami nikaona amekuwa mpole, uzee unamjia vizuri.

Basi Padri alipotangaza matembezi ya hisani ya kuwachangia wagonjwa wa kansa, Makambako, mwezi wa saba, nani aliyesimama wa kwanza? Ni mimi. Mtu aliyeponea chupuchupu hawezi kukaa tu. Nilikusanya wanawake kumi na mmoja wa jumuiya, Juliana akiwemo, nikawapigisha mazoezi kila Jumamosi asubuhi mpaka njia panda na kurudi. Nilikuwa mbele, nawahimiza kama mwalimu wa zamu. "Jamani, kazeni miguu, tunawatembelea maskini wa Mungu!" Na tukifika njia panda nilisali kwa sauti: Ee Bwana, wape nguvu wenye ugonjwa huu, na wasiojua wanaumwa uwafungue macho. Wote wakaitikia amina. Waliitikia, tena kwa sauti!

Binti yetu Lightness anauza vitenge dukani kwa Bi Zuena, mfanyabiashara wa Makambako ambaye alikuwa kwenye kamati ya matembezi. Alituma ujumbe kwenye simu ya baba yake kwamba majina yetu yote atayaandikisha yeye, tusihangaike.

Makambako tulifika saa moja na nusu, kuna baridi ya kukata masikio, upepo umeshika vumbi la barabarani na malori yananguruma kama kawaida yao. Uwanjani watu walikuwa kama mia mbili. Matarumbeta yalikuwa yameanza. Kwenye meza ya kamati alikaa mama mnene mchangamfu, amejitanda ushungi mweusi juu ya sweta, na mbele yake orodha. Alikuwa Zuena mwenyewe.

"Kamwene!" akanisalimu kwa Kibena chake chenye lafudhi ya Kitanga. "Wewe ndiye mama Lightness? Hatimaye nakuona! Jina kamili?"

"Oktavia Mligo."

Wenzangu kumi na mmoja walikuwa wameshapewa fulana nyeupe. Zuena akapitisha kidole kwenye orodha, akafunua ukurasa wa pili, akainama chini ya meza kwenye boksi jingine. Akanipa fulana ya pinki.

"Dada, umekosea boksi," nikamwambia. "Sisi tuko pamoja. Nyeupe."

"Pinki ni za wagonjwa na waliopona, mama. Nyie ndio mnatangulia, na ukichoka kuna gari nyuma linawabeba."

"Ndiyo maana nasema umekosea. Mimi nimekuja kuwatembelea hao."

Zuena akatazama orodha tena. Akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu, na uchangamfu wote ukamtoka. "Jina lako limeandikwa kwenye ukurasa wa wagonjwa," akasema polepole. "Unisamehe, mama. Nilijua unajua."

Niligeuka nyuma ili tucheke wote. Ndivyo nilivyokusudia, kugeuka na kusema, jamani mnasikia vituko vya kamati hii? Lakini hakuna aliyekuwa akicheka, na hakuna aliyeshtuka. Mtu akisikia jambo geni hushtuka, hata kwa kope tu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanatazama viatu vyao. Nyuma yao alisimama Yosefu, amenishikia sweta na chupa ya maji.

Hapo nikayakumbuka mayai yote niliyokula.

"Baba Lightness," nikasema, "siku ile walisema nini kwenye simu?"

"Twende pembeni tuongee, mke wangu."

"Pembeni nimekaa miezi minne. Sema hapa."

Akasema huku akitazama chini. Walisema ni kansa. Walisema nirudi ndani ya wiki mbili nianze dawa, kwa sababu ilikuwa bado changa. Yeye akawajibu kwamba atanileta. Wakapiga tena mara tatu, na kila mara akawajibu kwamba tuko njiani.

"Njiani wapi, Yosefu?" Sikumbuki mara ya mwisho nilimwita jina lake mbele za watu. "Mimi nilikuwa napanda parachichi!"

"Unamkumbuka Rebeka," akasema.

Rebeka alikuwa dada yake. Namkumbuka. Aliambiwa Jumatatu, akageukia ukutani, akakataa chakula, akakataa dawa, akakataa hata kujibu hodi, na Jumapili ya tatu tukamzika. Kwao Yosefu wanasema mpaka leo kwamba ugonjwa haukumuua Rebeka, kilichomuua ni jina la ugonjwa. Na kweli nyumbani kwao hilo jina halitamkwi. Wanasema "ule wa Rebeka," wanapiga ishara ya msalaba.

"Nilitaka usilisikie," akasema, na machozi yakawa yanamtoka bila aibu. "Nilisema, asipolisikia, atakuwa na nguvu. Na ulikuwa na nguvu, Oktavia. Ulikuwa unaimba."

"Rebeka ni Rebeka! Mimi umenioa miaka ishirini na sita. Ni lini uliniona nimegeukia ukuta?"

Nilimchukia pale, nasema wazi, nilimchukia kuliko ninavyojua kusema. Si kwa sababu hakunipenda. Alinipenda, na akautumia upendo huo kunifunga macho, kisha akamwambia mwenyekiti wa jumuiya aniombee, mwenyekiti akawaambia wengine, kijiji kizima kikawa kinakijua kifua changu ila mimi mwenye kifua. Ule moshi wa kwenye sala ulikuwa mimi.

Lightness akaja mbio kutoka kwenye matarumbeta, amevaa kofia ya kamati. Alipoona fulana mkononi mwangu akasimama.

"Ni mimi niliyeandika, mama," akasema. "Baba aliniapisha kwa rozari kwamba sitakuambia. Nimeshindwa kulala tangu mwezi wa tatu. Niliapa kutosema, mama. Sikuapa kutoandika."

Najua wapo watakaosema binti ana akili. Anazo. Lakini mimi sikuwa na moyo wa kusifu siku hiyo. "Ulikuja nyumbani Pasaka," nikamwambia. "Ulilala kitanda kimoja na mimi, ukanisuka nywele. Ukayabeba haya yote ukaja kunipa kwa mkono wa mgeni, uwanjani, mbele ya watu mia mbili." Akalia kwa sauti. Sikumshika.

Nikavaa ile fulana ya pinki juu ya gauni langu. Ilinibana mabegani. Filimbi ikalia, nikaanza kutembea.

Kilomita kumi si mchezo, na sikupanda gari. Hasira ni chakula kibaya lakini inatembeza. Tulipita kwenye maduka, wauza duka wakatupigia makofi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniita shujaa, nikatamani kumrushia kiatu. Shujaa wa nini? Aliyepelekwa vitani bila kuambiwa kuna vita? Wanawake wa jumuiya walinifuata kwa nyuma, hatua kama kumi, hakuna aliyethubutu kunisogelea. Nyuma yao alikuja Yosefu na lile sweta.

Karibu na reli nikasikia kandambili zinanifikia. Ni Juliana, anahema.

"Na wewe ulijua," nikasema bila kumtazama.

"Nilijua."

"Vigingi."

"Sikutaka ufe tunagombania hatua nne. Ningeshikaje jembe la kukufukia, watu wananitazama?"

Ufe. Siku nzima, miezi yote minne, hakuna aliyekuwa amethubutu kunitamkia neno hilo. Nikapunguza mwendo, lakini sikugeukia ukuta wowote.

"Ungeniambia," nikasema.

"Mimi?" Juliana akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi nije mlangoni kwako, nikwambie Oktavia, una kansa? Ungesema nakuloga. Ungenipeleka baraza la kata mara ya tano."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli ikanikera zaidi. Tukatembea. Tukaenda sambamba mpaka tulipofika.

Mwisho wa matembezi kulikuwa na hema la madaktari. Wenzangu wakaenda kupanga foleni ya chai na mandazi. Mimi nikaingia hemani, na Yosefu alipotaka kunifuata nikamwambia abaki nje. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa Lightness. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akalipima titi, akapapasa kwapani, mkono wake ukasimama mahali pamoja, ukarudi, ukasimama tena.

"Kuna tezi hapa, mama. Siwezi kukwambia imefika wapi mpaka tupime. Lakini dawa unaanza wiki hii, si wiki ijayo."

"Ningekuja mwezi wa tatu ingekuwaje?"

Akavua glovu moja, kisha ya pili, nami nikaogopa kwamba na yeye atanidanganya.

"Ingekuwa rahisi zaidi," akasema. "Sana."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa ajili ya miezi minne, Machi hadi Julai, ambayo ilikuwa yangu na wakaigawana watu wengine. Binti yule aliningoja. Kisha akavuta fomu, akaniuliza jina, umri, kijiji.

"Namba ya simu ya kukupata?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Yosefu ikaingia kutoka nje ya turubai: "Sifuri, saba, tano, nne..."

"Hiyo usiandike," nikasema. "Habari zikiingia huko hazitoki."

Binti akainua kalamu. Nikafungua mlango wa hema, nikaita, "Juliana! Njoo utaje namba yako." Akaja na mandazi mkononi, hakuuliza ni ya nini, akaitaja, daktari akaandika.

"Uhusiano wako na mgonjwa?"

"Ni adui yangu," nikajibu mimi. "Huyu hajawahi kuniambia neno zuri tangu mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Wakimpigia, ataniambia."

Daktari alitutazama kwa zamu, hajui acheke au afanye nini.

"Andika jirani, mwanangu," Juliana akasema.

"Na Jumatatu ukavirudishe vile vigingi ulikovitoa," nikamwambia. "Mimi sijafa."

Nje, Yosefu alidhani hajasikika. Akaanza tena kuitaja namba yake tangu mwanzo, polepole, tarakimu moja moja, mpaka akaimaliza.