Ishara ya Umeme Kukatika

…lakini umeme upo, feni inazunguka, taa ya ngazini inawaka mchana kutwa maana hakuna anayekumbuka kuizima, na bado skrini inaniambia umeme umekatika, nakala ya programu niliyoiwasha hapa mezani imesimama katikati ya kazi, ishara imepokelewa, hitilafu ya umeme, na Jared yuko dirishani na simu sikioni, chini tuktuk mbili zimekutana uchochoroni na hakuna anayetaka kurudi nyuma, anamwomba Sista Beryl avumilie kidogo, nasikia sauti nyembamba ya Sista ikitoka simuni, kwamba king'ora wamekizima tangu asubuhi, wamechoka, kinalia umeme umepotea, wanakimbia wodini, wanakuta vitanda vyote vina joto lake na watoto wamelala… wamekizima, yaani sasa hivi kule hospitalini Kizingo watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wa miezi saba, wamelala kwenye vile visanduku vya kioo, na joto likipotea kweli hakuna kitakachopiga kelele, na king'ora hicho kinaendeshwa na programu yetu, mimi na Jared, tuliiandika humu humu… Ishaq wa dadangu Mwanatumu alilala kwenye kisanduku kama kile, miguu yake kama vidole vyangu, nikasimama kiooni nikaona kifua kimetulia, hakipandi, nikamshika Sista mkono, naye hakushtuka, akaniambia, "Ngoja, Mbodze. Huvuta, hutua kidogo, huvuta tena," akakitazama kile kifua bila kupepesa, na kweli kikapanda… Jared anasema fundi wao Kahindi amepima nyaya zote na hakuona kasoro, anataka kumwambia Sista waite fundi mwengine, ngoja Jared, ngoja, ishara haiji hivi hivi, ina aliyeituma, naandika amri, nauliza nani, inanijibu kwa nambari, na nambari hiyo naijua, iko juu pale kwenye skrini, ni nambari ya programu yenyewe. Imejitumia yenyewe. Nasoma mara ya pili kwa kidole. Ndani mna nyuzi nyingi za kazi zinazokwenda kwa pamoja, kila kitanda kina uzi wake unaosoma joto, mwengine unaandika, mwengine unalinda king'ora, na uzi mmoja, ambao si mimi wala Jared tuliouweka, umezipelekea nyuzi nyingine zote ishara hii, simameni… kwa nini zisimame, nani huyu… kumbukumbu ya kompyuta imejaa, ndiyo, tazama, kila ishara inakuja kumbukumbu ikijaa, kwa hiyo huyu ni mkusanya taka, mfagiaji wa kumbukumbu aliyemo ndani ya lugha yenyewe ya programu. Subhanallah. Lugha hii nimeandika miaka na miaka, naumba vitu navitupa, joto la jana, jina la mtoto aliyekwisha kwenda kwao, sikuwahi kujiuliza vinakwenda wapi, kumbe kila mara kazi yote ilikuwa ikisimama, kila uzi mahali ulipofika, hata hesabu ikiwa nusu, na mmoja anapita kimya akiuliza hiki kinashikwa na nani, hiki je, kinachoshikwa anakiacha, kisichoshikwa na yeyote anakiondoa, kisha wote wanaendelea wala hawajui kama walisimama, na watu nisiowajua, walioijenga lugha hii mbali huko, walitafuta ishara isiyotumiwa na mtu wakaichukua hii, umeme kukatika, wakadhani nani ataisikiliza, na sisi tukaja tukaisikiliza, mistari ile tuliyoongeza majuzi, ishara ya umeme ikija piga king'ora, tukafurahi tukaagiza kahawa… na Jared alikuwa ametaka nizifunge ishara zote zisipite kabisa, nami nilikuwa nimekwisha weka kidole, na ningezifunga, nyuzi zisingesimama, mkusanya taka angengoja zisimame na zisingesimama kamwe, programu yote ingeganda, na Sista angesikia ukimya akadhani ni salama… Jared ameziba simu kwa kiganja.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie wasiguse nyaya. Umeme wao mzima, ni sisi."

"Sisi vipi?"

Nitamweleza, si sasa, sasa nafuta ile mistari, habari za umeme tutaiuliza betri yao ya akiba yenyewe, ndiyo inayojua ulipokatika, naandika, naiwasha upya, naiacha ishara ipite, nangoja, kumbukumbu inapanda, inapanda, imejaa, ishara hiyo, nyuzi zote zimesimama, hata naogopa kuvuta pumzi… zimekwenda. King'ora kimya. Tena, zimesimama, zimekwenda. Naituma Kizingo, namwashiria Jared kwa kichwa, naye anasema kwa upole, "Sista, kiwasheni sasa," na chini zile tuktuk bado zinabishana, feni bado inazunguka, sijainuka kitini, jasho bado ni lile lile mgongoni, ila natazama mistari hii niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe na najisikia kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu, hajui hata avue viatu wapi…