Jino la Nge wa Bahari

Jino liliruka. Afadhali lingekuwa la mtu, mtu ana mengine. Hili lilikuwa la nge wa bahari aliyekufa miaka milioni mia nne iliyopita, akajilalia zake ndani ya jiwe kwa amani mpaka alipokutana na Kobe.

Kobe ni jina la kazini. Wenzake walimpa kwa jinsi alivyochokonoa jiwe kwa sindano ya umeme, chembe kwa chembe, kana kwamba anaogopa kumwamsha mnyama. Basi leo ndiyo siku aliyochagua kukimbia. Alipoliona lile jino kwenye gando la nge, jeusi, linang'aa, alitakiwa aweke sindano chini amwite mpiga picha. Akajiambia, chembe moja tu. Sindano ikateleza. Tik!

"Limeruka!"

Karakana nzima ikaganda. Ndiyo sheria yao: kipande kikiruka, hakuna kunyanyua mguu mpaka kipatikane. Viatu huviacha mlangoni, maana soli ni mwizi wa vipande.

"Nini kimeruka?" aliuliza fundi mkuu, mama wa sauti ya chini, mkono wake ungali kabatini.

"Jino, Mama. Lile kubwa."

"Lilikuwa limesimama wima au limelala?"

Likisimama wima, mnyama ni Pterigotasi, aina ya nge wakubwa wa bahari. Likilala, ni jamaa yake tu, na ubishi wa miezi mitatu ulikuwa unalingoja jino hilo.

"Sikuwahi kuangalia vizuri."

"Picha inaonyeshaje?"

"Picha ipi?" alidakia mpiga picha, aliyeganda na mguu mmoja hewani. "Mimi sijaitwa. Ningeitwa ningekumbuka."

"Weka mguu chini, unyamaze."

"Niuweke wapi, Mama? Nikiliponda je?"

Wakachuchumaa kila mtu pale pale alipo, wakamulika sakafu kwa tochi za simu. Kobe naye akainama, na hapo ndipo alipokihisi: kitu kidogo, kikali, chini ya kidole gumba cha mguu. Mchanga, alijiambia. Karakana imejaa mchanga. Lakini mchanga hauna ncha namna ile.

Ijumaa fundi mkuu angeamua abaki kazini au akatafute pengine. Akisugua kidole sakafuni kidogo tu, jino linakuwa vumbi. Vumbi halisemi. Vitu huruka, vikapotea, nani wa kulaumiwa?

"Kwangu hamna," alisema mpiga picha.

"Kwangu pia. Kobe, kwako?"

Kobe akaelekeza tochi upande mwingine.

"Kobe, nakuuliza wewe."

"Nimelikanyaga, Mama."

Fundi mkuu alikuja kwa magoti, akipangusa sakafu mbele yake kwa brashi.

"Usinyanyue. Usisogee. Usipumue."

"Nipumue kidogo?"

"Kidogo."

Alimshika kifundo cha mguu, akauinua polepole. Vipande viwili vyeusi vilikuwa vimenata kwenye ngozi ya kidole.

"Nipige picha sasa," alinong'ona mpiga picha, "au tungoje na kidole nacho kigeuke jiwe?"

Fundi mkuu alivibandua vipande kwa brashi iliyoloweshwa, akaenda navyo kwenye darubini. Akavigeuza. Akavisogeza kwenye kisiki cha jino. Kobe alitamani agombezwe tu yaishe.

"Njoo utazame."

Kobe akatazama. Kipande cha chini kilikaa juu ya kisiki kama mfuniko kwenye chungu chake, nacho kilikuwa kimesimama.

"Wima, Mama."

"Naona. Haya, gundi ile pale. Kirudishe."

"Mimi?"

"Nani alikivunja?"

"Na Ijumaa, Mama?"

"Ijumaa haijafika."

Kobe akaketi. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata tone la gundi lisingefika panapotakiwa, kwa hiyo akaikalia kwanza, yote miwili, huku fundi mkuu amesimama nyuma yake, akingoja.