Bawabu Asiyejua Kukataa

Mama alikuwa na sheria moja katika duka lake la ushonaji, na aliitamka huku amebana pini midomoni: mteja haambiwi hapana. Akitaka gauni la harusi lenye mkia wa kufagia ukumbi mzima, aambiwe karibu. Akitaka vifungo kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, aambiwe karibu vilevile. Mengine yatajulikana mbele kwa mbele.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kompyuta, akaamua kumpunguzia mzigo. Akatengeneza ukurasa wa mtandaoni ambapo bibi harusi angejaza vipimo vyake bila kuja dukani. Nyuma ya ukurasa akaweka programu ndogo, zile zinazokaa kwenye mitambo ya watu huko mbali. Haina ofisi wala kiti. Ombi likibisha hodi inaamka, inapokea, inajibu, kisha inalala fofofo, na ikiamka tena haikumbuki lolote. Mama akaipa jina: bawabu.

"Na huyo bawabu wako akishindwa kazi, anamwambia nini mteja?" mama aliuliza siku ya majaribio.

"Kuna namba zake. Mia mbili ni shwari. Mia nne, mteja kakosea. Mia tano, tumekosea sisi."

Mama alitema pini zote mkononi. "Bibi harusi kakosea! Utamwambia hivyo wewe, na kamasi zako? Na hilo la sisi tumekosea, unamtangazia nani? Weka asante."

"Mama, kama vipimo havikuhifadhiwa..."

"Weka asante, mwanangu. Mengine tutayaona."

Kompyuta alijua si sawa, lakini kubishana na mama yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Akaiamuru programu kwamba kosa lolote likitokea, ilimeze, kisha ijibu: "Asante, tumepokea vipimo vyako. Karibu Ijumaa." Hata kuliandika kosa pembeni ili alisome baadaye, hakuliandika. Huo ulikuwa uvivu, na hapo simtetei.

Ijumaa moja asubuhi akaingia msichana anayecheka peke yake, simu mkononi. "Nimefuata gauni langu," alisema. "Harusi ni kesho."

Mama akapekua magauni yaliyotundikwa ukutani, akapekua tena, akamgeukia binti yake. Kompyuta akafungua mashine yake. Vipimo vya msichana havikuwemo. Akamuuliza taratibu alijaza nini.

"Kila kitu! Kifua, mabega, urefu. Kwenye kiuno niliandika 'themanini, ila nitapungua.'"

Basi. Bawabu alisubiri namba, akaletewa ahadi. Akaanguka kifudifudi, akajifuta vumbi, akasema asante kama alivyofundishwa. Msichana alipoelewa kwamba gauni halipo, kicheko kilimkauka, akakaa juu ya mafurushi ya vitambaa akalia kwa sauti. Kompyuta alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alikwenda dirishani, akalivua gauni lililovishwa sanamu, lile pekee alilowanyima wateja miaka yote, sheria au si sheria, kwa sababu ndilo lililomtoa kimasomaso mtaani. Akachukua mkasi, akafumua mishono ya ubavuni.

"Simama nikupime," alisema. Akazungusha futi kiunoni. "Hujapungua, mwanangu."

"Najua," msichana akajibu, na katikati ya machozi akacheka.

Kufika alasiri gauni lilikuwa limemkaa kama alizaliwa nalo. Alipoondoka, mama akaketi mbele ya cherehani bila kukikanyaga.

"Nimekufundisha kudanganya watu kwa adabu," alisema. "Mficha uchi hazai. Hebu libadilishe hilo jibu lako, tena sasa hivi. Andika nikuambie."

Kompyuta akaandika. Wa mia nne ataambiwa: "Samahani, kwenye kiuno tunataka namba tupu. Ahadi zako mpe mumeo." Wa mia tano: "Samahani, kosa ni letu. Hatujapokea kitu. Tupigie simu." Mara hii akaweka na amri ya kuandika kila kosa mahali pa kusomeka. Mama akaridhika, akazitia pini mdomoni, kisha akazitoa tena.

"Na waliojaza kabla ya huyu? Walioambiwa asante za bure ni wangapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Si umuulize bawabu?"

"Hakumbuki. Na mimi sikuandika popote."

Wakatazamana. Hapo hapo mlango ukabishwa hodi. Nje ya kioo alisimama mwanamke aliyejipamba, tabasamu sikio hadi sikio, amewaelekezea simu yake ili waisome. Mama akaitazama sanamu iliyobaki uchi dirishani.

"Kamfungulie wewe," alisema.

Kompyuta akapiga moyo konde, akafungua. "Karibu, dada. Gauni lako hatujalishona. Vipimo vyako havikutufikia."

Tabasamu likafifia polepole. Mwanamke akaisoma simu yake upya, akamtazama. "Sasa huyu aliyeniambia asante ni nani?"

Kompyuta alimwona mama yake akifungua mdomo nyuma ya cherehani, akamwahi.

"Ni mimi," alisema.