Gundi Inayotaka Maji

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, Kabula, bibi mifugo, naye alipunguzwa, akafungua duka la dawa za mifugo pale Somanda. Walimcheka. Mwanamke atamtibu ng'ombe wa nani?

Mzee Masele wa kijiji cha Lagangabilili alicheka kuliko wote, lakini shida haina aibu. Ng'ombe wake bora alichanwa chuchu na mwiba, maziwa yakawa yanavujia ubavuni mwa chuchu na ndama anaambulia mate. Akaitwa Kabula, akashona, maziwa yakapenya kwenye matundu ya sindano. Asubuhi hiyo Luhaga, mwenye bucha, alishafika na kamba.

"Nipe mpaka saa sita, baba," Kabula aliomba.

"Saa sita, mayu. Ikipita, nyama ya Luhaga," Masele alijibu.

Alibaki na kibomba kimoja cha gundi ya vidonda, bidhaa ya soko huria, maelezo yake yote kwa Kijerumani. Akafanya kama mama yake alivyoziba vibuyu vilivyopasuka: alikausha jeraha, akakausha tena, ndipo akatia gundi. Haikushika. Baada ya robo saa ilikuwa bado majimaji, ikamchuruzikia mkononi. Luhaga akaanza kukunjua kamba. Kabula aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipotaka kujifuta, vidole viwili vikagoma kuachana. Vilikuwa vimelowa jasho. Kumbe gundi hii ukavu haiutaki kabisa, inataka maji.

"Mjinga mimi," alisema, "nimemfanya ng'ombe kibuyu."

Akavibandua vidole kwa maji ya moto yenye sabuni. Akakamua kiwele kikaisha, akalilowesha jeraha kwa maji yaliyochemshwa, akatia gundi iliyobaki. Akavaa mfuko wa nailoni mkononi, akabana, akahesabu hadi mia mbili. Hakuthubutu kumtazama mtu.

Wakasubiri kiwele kijae. Saa sita kasoro, Masele alichuchumaa mwenyewe, maana hakumwamini yeyote, akakamua. Maziwa yakatoka kwenye tundu la chuchu, mstari mmoja, ubavuni halikutoka hata tone. Akakamua tena, kwa nguvu. Palepale Kabula alijisikia furaha ya kumtosha mwaka mzima.

Masele alijaza kikombe, akampa Luhaga.

"Kunywa," alisema. "Kwa ng'ombe huyu, fungu lako ni hilo. Na kamba yako mwachie daktari, afungie mzigo wa mahindi ninaompa."