Saa ya Fundi Leoleo

Siku ya kufunga kibanda cha kushonea, dada mtu aliacha saa ya ukutani iwe ya mwisho kushushwa. Vyerehani vilikwisha kuchukuliwa, meza ya kukatia imebaki na mistari yake ya chaki, na saa bado ilikuwa inatembea, saa nzima mbele ya dunia, kama marehemu kaka yake alivyoizoesha.

Kaka huyo wateja walimwita Fundi Leoleo, kwa sababu hakuwa na ule ugonjwa wa mafundi wa kusema njoo kesho. Siri yake ilikuwa hiyo saa. Aliisogeza mbele kwa makusudi, akashona huku akiikimbiza, na nguo ikawa tayari kabla mwenyewe hajafika. Majirani walimtania kwamba kibandani kwake watu huzeeka mapema. Tena kila nguo aliyoianza aliipachika kikaratasi kwa pini, akaandika saa aliyotia sindano ya kwanza, kwa mwandiko ulionyooka kama mshono wa suruali.

Dada mtu alikuwa akitia vifungo na kupiga pasi. Alipotimiza miaka hamsini na miwili alijiandikisha shule ya jioni, akakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kila jioni alimwomba Mungu amfungue kichwa kabla mwalimu hajashika chaki. Na kila asubuhi kaka yake alimpokea kwa swali lile lile: "Haya Profesa, jana wamekulisha nini?"

Asubuhi moja alimlisha vimeng'enya. Alimweleza kwamba damu ikiganda hushikwa na nyuzi nyembamba, kama kitambaa kilichoshonwa, na kwamba seli za kuta za mishipa hutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kuzifumua nyuzi hizo, damu ipate kupita.

Kaka aliacha kukanyaga cherehani. "Yaani humu ndani mwangu mna mafundi?"

"Wamejaa, kaka."

"Basi waambie wakimaliza huko waje wanisaidie hizi kola."

Mteja aliyekuwa akipimwa mabega alicheka nao bila kujua kisa. Dada mtu alikumbuka kicheko hicho kwa miaka mingi, pamoja na harufu ya pasi ya mkaa na kitambaa kilicholoweshwa.

Haukupita mwezi. Siku hiyo alitoka redio ikisoma habari za saa moja asubuhi, akaenda kutafuta nyuzi na kupeleka nguo za watu. Aliporudi, saa tano, alimkuta kaka yake ameegemea cherehani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alimwita, akajibiwa kwa mkoromo. Alisimamisha teksi, akashika koti lililokuwa chini ya sindano, akalikunja likawa mto wa kichwa chake njia nzima.

Walifika hospitali saa sita kasoro. Daktari, mwanamke mpole mwenye macho yaliyokosa usingizi, alisema ni kiharusi na akauliza mgonjwa alionekana mzima lini mara ya mwisho. Dada mtu akajibu saa moja. Daktari alishusha kalamu. Akaeleza kwamba ipo dawa, ni kimeng'enya kile kile cha seli ila kimetengenezwa kiwandani, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Muda huo umepita. Ikichelewa inaweza kusababisha damu kuvuja kichwani, ikamuua yule yule unayetaka kumponya.

Ndipo dada mtu alipoliona koti, na pini, na kikaratasi. Alimwonyesha daktari, akamweleza maana yake. *Saa tatu na nusu*, mwandiko umenyooka, na chini yake mkono mzima wa koti umeshonwa bila kasoro.

"Aliyeandika hivi alikuwa mzima," daktari alisema, uso ukafunguka. "Tuna mpaka saa nane. Mbele yenu wapo wawili kwenye mashine ya picha ya kichwa. Subirini hapo."

Akakaa kwenye benchi, akashukuru. Katikati ya kushukuru akaikumbuka saa. Kikaratasi kiliandikwa kwa saa ya ukutani. Saa tatu na nusu ya kibandani ni saa mbili na nusu ya watu wengine.

Akinyamaza, dawa itatolewa, pengine imechelewa, ikamuua. Akisema, daktari anaweza kushusha kalamu tena. Baba, aliomba, nisaidie niseme kabla sijaanza kupiga hesabu. Akainuka, akamshika daktari kiwiko.

"Saa yetu inakwenda mbele, daktari. Saa nzima. Ni yeye aliyeifanya hivyo."

Daktari alitazama ukuta. Saa sita na dakika kumi. "Basi mwisho wetu ni saa saba," alisema, na badala ya kushusha kalamu akakishika kitanda mwenyewe, akakisukuma mpaka mlangoni pa mashine, akiwaomba wale wawili radhi. Picha haikuonyesha damu iliyovuja. Dawa iliingia mshipani saa saba kasoro dakika nane.

Siku ya tatu mgonjwa alifungua jicho, akahangaika na ulimi mpaka maneno yakatoka. "Profesa. Wale mafundi walikuja?"

"Walikuja, kaka. Ulikaribia kuwachelewesha kwa saa yako."

Aliishi miaka saba zaidi. Mkono wa kulia haukuweza tena kutoboa matundu ya vifungo, kazi hiyo ikawa ya dada, na mwandiko wa vikaratasi ukalala upande kama mtu aliyeegemea ukuta. Saa hawakuirekebisha.

Sasa aliishusha, akaipangusa vumbi, akaifunga ndani ya kanga. Kabla ya kutoka alikata kikaratasi, akaandika juu yake saa iliyokuwa usoni pake, saa kumi kamili, akakipachika kwa pini. Nje watu walikuwa bado kwenye saa tisa, na jua lilikuwa kali.